Mgongo wa Baba Mkwe

Walikutana soko la Bukoba, Safina akiwa ameinama kuinua mkungu wa ndizi.

"Dada, kunja magoti, usikunje mgongo."

Aligeuka ampe mtu vidonge vyake, akakuta kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, anatabasamu. Hasira zikamyeyuka. Huyo ndiye Hamidi, tabibu wa kairopraktiki pale mtaa wa Bakoba, anayenyoosha migongo kwa mikono mitupu. Haikupita muda simu zikawa haziishi.

"Mgongo wangu unaendeleaje, daktari?"

"Mzima, mpenzi. Moyo wangu ndio umeteguka."

Safina akampeleka kwao Kimwani. Mgeni akatafunishwa punje za kahawa za kumkaribisha. Mzee Faruku, baba yake, aliumwa kiuno tangu alipoteleza shambani. Siku hiyo alishavua shati na kujilaza mkekani, majirani wamejaa kumwona mkwe akifanya kazi. Hamidi alimpapasa, akamgonga magoti, akamuuliza kama miguu inakufa ganzi. Kisha akasimama.

"Mzee, sikunyooshi. Nenda hospitali ukapigwe picha."

"Waitu, jamani, ananionea kinyaa," mzee alisema. Majirani wakacheka.

Safina alitamani ardhi ipasuke immeze. Toka siku hiyo hakupokea simu za Hamidi. Ujumbe wake ulikuwa uleule: mzee kapiga picha? Hata neno la pole hana, Safina aliwaza, na usingizi ukamkimbia. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtesa.

Mguu wa mzee ulipokataa kusimama, wakamkimbiza hospitali. Pingili ya mgongo ilikuwa na ufa. Daktari akasema mtu angemnyonga kiuno kidogo tu, asingetembea tena.

Safina alimkuta Hamidi kliniki kwake, anafunga begi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Nilihisi tu, sikujua. Niliogopa, Safina. Mikono yangu haioni ndani. Ndiyo maana nakwenda kusomea ubingwa wa mifupa. Miaka mitatu, nje ya nchi. Naondoka Ijumaa."

Miaka mitatu. Safina aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa. Huko kuna wasichana wangapi wenye migongo?

"Utanisubiri?" Hamidi aliuliza.

"Nikusubiri kama nani wangu?" Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Baba kalazwa wodi ya wanaume, hawezi kukukimbia. Mshenga aje Alhamisi."