Kazi Mia Nane kwa Mpigo

Inspekta alikuwa kwenye mstari wa mia saba wa kumbukumbu za mtambo wa kompyuta wa chuo, rula mkononi, akihesabu mmoja mmoja; kila mstari ulikuwa kazi moja.

Siku mbili nyuma, mwendesha pampu alikutwa amekufa maji chini ya daraja. Tahadhari ya mafuriko, ambayo kompyuta za pamoja pale chuoni huikokotoa kila alfajiri, ilikuwa imechelewa kwa saa nne. Fundi wa mtambo, aliyepanga vikomo vya matumizi, alikuwa mahabusu tangu siku hiyo.

Mstari wa mia nane. Mtumiaji alikuwa mmoja tu, mtafiti wa pale chuoni.

"Niitie yule mtafiti," alimwambia koplo.

Mtafiti aliingia ameukumbatia mkoba wake.

"Dada, mtu anaruhusiwa kuendesha kazi ngapi kwa pamoja?"

"Ishirini, afande. Sikuvuka. Angalia faili langu."

"Nimeliangalia. Lakini mtambo unahesabu ishirini kwa kila mtiririko, yaani kila kundi la kazi, si kwa kila mtu. Ulianzisha mitiririko mingapi?"

Mtafiti aliushusha mkoba magotini.

"Nimehesabu arobaini. Kompyuta zote zikajaa, kazi ya mafuriko ikabaki kwenye foleni."

"Wote tunafanya hivyo. Miwili, mitatu. Fundi mwenyewe anatuita wadokozi."

"Mitatu ni kudokoa. Wewe umebeba sufuria."

Mtafiti aliinamisha kichwa. "Mwaka jana nilichelewesha matokeo, nafasi yangu akapewa mwenzangu. Safari hii niliambiwa mwisho saa tatu asubuhi."

"Kazi ya mafuriko uliiona inasubiri?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa inapiga bati. Ningezifuta zangu, ningeanza upya. Nikasema nusu saa tu. Nilisema hivyo mara nane."

"Na fundi alipokamatwa?"

"Alinipa funguo za ofisi yake nimtunzie. Nikazipokea."

Alizitoa mkobani, akaziweka mezani.

Inspekta alizipeleka mahabusu mwenyewe, akamfungulia fundi mlango.

"Mbona hukuniambia kikomo kinahesabiwa hivyo?"

"Nilikwambia, afande, siku ya kwanza. Ukasema nisikuzungushe."

Inspekta alikumbuka. Alikumbuka hata sauti aliyotumia.

"Hata mimi sijatoka safi," fundi alisema, akifunga kamba za viatu. "Nilijua wanadokoa. Kikomo kilitakiwa kihesabiwe kwa mtu, si kwa mtiririko. Niliona haya kuwabana. Nani anauangalia mtambo sasa? Mvua haijaisha."

"Hakuna."

Fundi alichukua funguo, akaondoka bila kuaga.

Inspekta alirudi mezani. Maelezo ya mtafiti yalikuwa yamesainiwa. Alivuta karatasi nyingine, ya kueleza kwa nini mtu alilala mahabusu siku mbili kwa jambo ambalo alikuwa amelieleza tangu mwanzo. Aliandika jina lake mwenyewe, cheo na tarehe. Aliandika "Mimi," akafuta, akaandika tena.

Koplo alichungulia. "Tufunge jalada, mkuu?"

"Bado. Kesho."

Aliiacha karatasi palepale juu ya meza, wazi.