Asisti ya Kumi

Geti la kivuko cha Kamanga, upande wa Mwanza mjini, lilikuwa limefurika Jumamosi ile asubuhi. Pikipiki, magunia ya dagaa, kuku waliofungwa miguu, na watu wote wanataka kupita kwa pamoja. Kokulinda Rutashobya alikuwa amemsindikiza shangazi yake anayerudi Sengerema, sasa anapambana kutoka. Alikuwa dada mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe. Akagongana bega na kijana mmoja mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri.

"Samahani, namba saba," kijana akasema.

Koku akasimama. "Tunafahamiana?"

"Mimi nakufahamu. Jumapili iliyopita ulifunga pointi kumi na nne, ukachukua ribaundi tisa."

"Kumbe nina mshabiki!"

"Na mpira ukakuponyoka mara sita."

"Ee! Kijana huna adabu wewe," Koku akasema, huku kicheko kikimtoka bila kutaka.

Jina lake Luhende. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Buhongwa, na siku za mechi alikuwa mmoja wa watunza takwimu wa ligi ya kulipwa ya kikapu ya wanawake. Wao hukaa kwenye meza kando ya uwanja na kompyuta zao, wakiandika kila pointi, kila ribaundi, yaani mpira unaodakwa baada ya mtu kukosa kikapu, na kila asisti, yaani pasi inayozaa kikapu. Koku alikuwa nahodha wa timu ya Mwanza. Siku ile aliondoka getini akiwa ametoa namba yake ya simu, na mwenyewe hakujua imekuwaje.

Simu zikaanza.

"Jana nimekupigia, hukupokea."

"Nilikuwa mazoezini, mwalimu."

"Basi nimekuandikia mpira uliopotea."

"Andika! Utajaza kurasa."

Luhende akamtongoza, Koku akamzungusha miezi miwili. Mwishowe, jioni moja wamekaa ufukweni wanakula sato wa kuchoma, Koku akajifuta mikono akasema, "Haya, mwalimu. Nimekubali."

"Wabeja," Luhende akajibu. Furaha ilikuwa imemrudisha kwenye shukrani za Kisukuma, na kipande cha samaki kikamdondokea kwenye soda. Koku alicheka mpaka meza za jirani zikageuka.

Mambo yakaenda vizuri hadi siku walipocheza na vinara wa ligi kutoka Dar. Koku alicheza kama ana miguu minne. Firimbi ya mwisho ilipolia, Mwanza wameshinda kwa pointi tatu, mtangazaji akashika kipaza sauti: "Kokulinda Rutashobya! Pointi kumi na sita, ribaundi kumi na moja, asisti kumi!" Msimu ule hakuna mchezaji aliyekuwa amefikisha kumi katika mambo yote matatu. Wenzake wakambeba juu juu.

Jioni ile, bado na jezi mwilini, akafungua simu asome pongezi. Katikati ya pongezi akakuta maneno mengine: "Asisti za mahaba hizo! Anayeandika ni bwana'ke."

Akatafuta video ya mechi, akaitazama yote akihesabu kwa vidole. Asisti tisa. Ile ya kumi ilikuwa pasi kwa mwenzake Selina, lakini Selina alidunda mpira mara mbili, akamzunguka beki, ndipo akafunga. Kile kikapu kilikuwa jasho la Selina mwenyewe.

Akapiga simu. "Luhende, ile asisti ya kumi umenipa kwa sababu gani?"

"Koku..."

"Nijibu. Unanionea huruma? Unadhani bila wewe sifiki?"

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa kuiba takwimu. Ndivyo unavyoniona?"

"Ndivyo ninavyoona kwenye video."

"Basi baki na video yako," akasema, akakata.

Wiki ikapita bila simu. Mazoezini Koku alikuwa anarusha mpira kama anampiga mtu.

"Mhaya gani wewe unakataa sifa?" Selina akamtania.

"Sifa yangu naitaka yote. Ya kupewa siitaki."

Ijumaa akaenda kwa Madam Dorcas, mama wa makamo aliyekuwa mkuu wa ile meza ya takwimu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, bingwa wetu. Kaa."

Koku hakukaa. Alieleza wima, akaomba asisti ya kumi ifutwe. Madam Dorcas akavaa miwani, wakaitazama video pamoja, mara tatu.

"Kweli kabisa," mama akasema. "Nilikosea. Naiondoa."

"Ulikosea wewe?"

"Nani mwingine? Wewe nakuandika mimi. Luhende anaandika timu ngeni tu, tangu Machi. Alikuja hapa akasema, 'Madam, nitoe upande wa Mwanza, kuna mchezaji pale siwezi tena kumtazama kama wengine.'"

"Machi?" Koku akaketi sasa. Machi ndio kwanza walikuwa wamekutana kivukoni. Yeye alimkubali Mei.

"Kwenye mpira umeona sawasawa," Madam Dorcas akasema. "Kwa huyo kijana, hapana."

Kesho yake Koku alishuka Buhongwa mchana. Alimkuta Luhende uani, na bukta na fulana, anaosha viatu vya kazini.

"Nimekuja kuomba msamaha," Koku akasema. "Nimekuwazia vibaya, na sikukupa nafasi ya kusema. Lakini kwa nini hukuniambia toka mwanzo?"

Luhende akaendelea kusugua kiatu kilichokwisha takata. "Ningesemaje? Ulikuwa hujanijibu. Ungesema huyu mtu kajipa mchumba peke yake."

"Na ulikuwa umejipa."

"Nilikuwa nimejipa," akakiri.

Koku akachuchumaa pembeni yake, akamnyang'anya brashi. Wakacheka.

"Koku, nipeleke kwenu Bukoba. Nikasalimie wazee."

Koku akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, mama. Kuna mgeni nataka kumleta nyumbani."

"Marahaba. Mgeni wa kula akaondoka, au mgeni wa kurudi na ndugu zake?"

Koku akamtazama Luhende, aliyeshika kiatu, mikono imejaa povu.

"Wa kurudi na ndugu zake, mama."

Halafu wote wawili wakamsikia mama akipaza sauti ndani ya nyumba: "Baba Koku! Zima hiyo redio, uje hapa!"