Niliandika "Changamoto Ndogo Ndogo"

"Nani kati yenu aliandika maneno haya?"

Wifi yangu aliuliza hivyo mbele ya wabunge kumi na wanne. Taa nyekundu ya kipaza sauti ilikuwa inawaka, na karatasi ilikuwa mkononi mwake.

Maneno yenyewe yalikuwa mstari mmoja tu: "Madereva wamewasilisha changamoto ndogo ndogo za mfumo, ambazo zinashughulikiwa."

Mimi nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka kwake, meza ya makarani, kompyuta mbele yangu.

Niliyeandika ni mimi.

Na aliyekufa akiwa kwenye foleni ya malori mpakani ni mume wake. Kaka yangu. Tumbo moja, titi moja...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, ndugu zangu. Mkisikia nusu mtanihukumu nusu, na mimi nataka mnihukumu kamili.

Nilimaliza chuo nikiwa na moto. Wenzangu walitaka benki, mimi nilitaka bunge. Nikapata ukarani wa muda kwenye kamati inayosimamia mambo ya biashara na mipaka. Kamati ile ndiyo inayoiuliza serikali: mizigo inapitaje mpakani, mitambo inafanya kazi au ni pambo, nani anaumia.

Kazi yangu ilikuwa kusoma barua za wananchi na kuzifupisha. Mbunge hana muda wa kurasa mia. Anasoma ufupisho wangu, basi.

Mama alitangaza mtaa mzima kwamba binti yake yuko bungeni.

"Mama, malizia," kaka akamwambia. "Sema ni karani. Wataanza kumletea maombi ya barabara."

"Karani ndiye anayeandika. Wakubwa wanasaini tu," mama akajibu.

Kaka alicheka, akaniita Profesa, jina alilonipa tangu niko darasa la nne. Yeye mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Wenzake walimwita Mzee wa Breki, maana alikuwa haendeshi, anabembeleza. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kando ya kiti chake alikuwa na chupa ya barafu, ndani mna dawa yake ya sindano.

Sasa sikilizeni kuhusu mpaka.

Serikali ilifunga mfumo mpya wa forodha. Hakuna makaratasi tena, kila kitu kwenye skrini. Uzuri wake ulisifiwa kila mahali, hata mimi niliusifia. Tatizo ni kwamba mfumo wetu na mfumo wa nchi jirani ilikuwa haisomani. Sisi tunasema lori limeruhusiwa, wao hawaoni kitu. Skrini inaandika "Inashughulikiwa", na lori linasimama.

Halafu kulikuwa na sharti la kidole. Kila baada ya saa sita, dereva aweke kidole kwenye mashine kuonyesha yupo. Asipoonekana, mfumo unalirudisha lori lake mkiani mwa foleni. Mashine haiulizi ulikuwa wapi.

Duka la dawa lenye dawa ya kaka lilikuwa mjini. Kwenda na kurudi ni kutwa nzima.

Mnaanza kuona?

Siku ya nne ya foleni ile, chama cha madereva kilileta bahasha ya kaki ofisini kwetu. Ndani mlikuwa na barua sitini na tatu, nyingi za mkono. Fomu yetu iliwataka waandike namba ya lori. Jina, si lazima.

Sikujua kaka yumo kwenye foleni. Alikuwa amenipigia siku moja kabla.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Njiani."

"Unakula vizuri?"

"Unaniuliza kama daktari. Profesa, fanya kazi yako, na mimi nifanye yangu."

Basi. Kumbe "njiani" maana yake ilikuwa amesimama siku ya tatu nyuma ya lori la mbao, na shehena ya vioo vya madirisha.

Katibu wa kamati, bosi wangu, alitaka ufupisho kabla ya saa tano asubuhi. Nilisoma barua ya kwanza. Mtandao. Ya pili, mtandao. Ya tatu, mtandao na choo. Nilifika ya kumi nikaona zote zinaimba wimbo mmoja.

Nikafunga bahasha.

Nikaandika ule mstari. Neno "tatizo" nililifuta mwenyewe, maana ofisini tulikuwa tumezoea kusema "changamoto". Nikaongeza "ndogo ndogo" ili sentensi isiwatishe waheshimiwa.

Hakuna aliyenilazimisha... Naomba mlijue hilo.

Kamati ikasoma, ikaona hakuna cha dharura, ikalisogeza jambo hadi mwezi unaofuata.

Siku ya tisa, mwenzake alimgongea kaka mlango wa lori ili wakaweke kidole. Hakujibu.

Tulimzika. Ofisini walijua nimefiwa na kaka, wakanipa siku tatu na pole za kutosha. Hakuna aliyeunganisha msiba wangu na yule dereva aliyeandikwa magazetini kwamba alifia foleni. Mimi nilijua kwamba mstari wangu ulichelewesha kamati, na nilikuwa nautafuna moyoni kila siku. Nilijituliza kwa jambo moja tu: barua nilizosoma hazikutaja ugonjwa. Ningejuaje?

Hapo ndipo tukafika siku ile ya kikao, wifi akiwa amealikwa kama shahidi.

Mtaalamu wa mfumo alianza yeye. Akaeleza kwa dakika ishirini, kisha akamalizia, "Kwa kifupi, Mheshimiwa Mwenyekiti, mifumo haisomani."

"Hata nyinyi na barua hamsomani," wifi akasema.

Watu wakaguna. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, akamwambia, "Mama, subiri zamu yako."

"Nimesubiri, Mheshimiwa. Mume wangu naye alisubiri."

Akapewa nafasi. Wageni huacha simu zao mapokezi, kwa hiyo alikuja na karatasi aliyoichapisha duka la fotokopi. Kaka alikuwa ameipiga picha barua yake kabla ya kuitia kwenye bahasha. Wifi akaisoma, polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"Waheshimiwa, mimi ni dereva wa lori hili hapa juu. Kuna dereva mmoja hapa foleni ana ugonjwa wa sukari. Dawa yake imebaki ya siku tatu, na barafu imeyeyuka. Akienda mjini kidole kinampita, anarudi mkiani. Tunaomba dereva mgonjwa aruhusiwe kutoka bila kupoteza nafasi. Hatuombi kingine."

Akaikunja karatasi.

"Huyo dereva mmoja ni yeye mwenyewe," akasema. "Hakupenda kujililia."

Kumbe ilikuwemo! Ilikuwa kwenye bahasha yangu, mezani kwangu, chini ya kiwiko changu.

Ndipo akanyanyua ufupisho wa kamati, akauliza lile swali. Nani aliandika. "Nataka tu kumuona," akasema. "Nijue alipima na nini mpaka akapata ndogo."

Katibu aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo sana. Nyamaza.

Nikasimama.

"Ni mimi, wifi."

Waheshimiwa wote wakageuka kunitazama.

"Nilisoma barua kumi," nikasema. "Sikusoma ya kwake. Dereva huyo ni kaka yangu."

Wifi hakushtuka. Aliniangalia tu, macho yamejaa, kisha akakaa.

Mwenyekiti aliahirisha kikao. Kabla hajatoka akainama kwenye meza yangu. "Pole, mwanangu. Kweli pole. Lakini hayo uliyosema yasiingie kwenye kumbukumbu za kikao. Ni majonzi, si ushahidi."

Nilitamani kukubali. Sitawadanganya.

Mchana Katibu akaniletea rasimu ya taarifa itakayosomwa bungeni. Ukurasa wa pili ulisema: "Kamati haikuwa na taarifa ya dereva mgonjwa kabla ya kifo."

"Andaa kumbukumbu zilingane na hii," akasema.

"Lakini taarifa tulikuwa nayo. Siku tano kabla."

"Tulikuwa nayo kwenye bahasha. Hakuna aliyeisoma. Kuna tofauti."

"Kwa nani?"

Alishusha pumzi. "Mkataba wako unaisha mwezi ujao, binti. Kamati ikionekana ililala, bunge litaongelea kamati. Hilo sharti la kidole halitaguswa na mtu. Fikiria."

Mtu yule hakuwa shetani. Nilifikiria kweli. Sehemu yangu moja ilisema anasema ukweli, nyingine ikasema ninatafuta pa kujificha.

Nikashuka masjala, chumba cha chini kinakotunzwa mafaili. Mzee wa masjala akashangaa. "Huku watu huleta vitu. Wewe ndiye wa kwanza kuja kuvifuata."

Akanitolea bahasha ya kaki.

Nikahesabu. Ya kumi na moja.

Ya kumi na moja, jamani... Ningeendelea barua moja tu.

Mwandiko wake ule wa kulala kulia. Nikasoma maneno yale yale aliyosoma wifi. Lakini hayakuishia pale alipoishia yeye. Chini kulikuwa na mistari mingine minne, na wifi hakuisoma kikaoni:

"Sikuandika jina langu kwa sababu mdogo wangu wa kike ni karani kwenye kamati hii. Sitaki asemwe anapendelea ndugu. Yeye aliniambia siku alipoajiriwa kwamba kila barua inasomwa mpaka mwisho. Karani unayesoma, asante."

Nililikumbuka neno hilo. Nililisema kweli, nikiwa nimekaa sebuleni kwao, kitambulisho kipya shingoni, nimejaa fahari. Aliniamini. Siku ile aliyonipigia simu angeweza kuniambia kwa sentensi moja. Hakuniambia kwa sababu aliniamini.

Nilikaa sakafuni masjala. Mzee yule akafunga mlango kwa nje, akasimama pale asiingie mtu.

Nilipopanda juu niliandika kumbukumbu. Niliandika tarehe bahasha ilipofika. Niliandika barua zilizosomwa, kumi, na zisizosomwa, hamsini na tatu. Niliandika jina langu kamili. Nikaambatanisha barua ya kumi na moja, mistari yote. Kisha nikaituma kwa wabunge wote kumi na wanne kwa mpigo, kabla mtu hajaniomba nisubiri.

Kwa kanuni zetu, kumbukumbu ikishafika kwa wajumbe haifutwi na mtu mmoja. Sharti ijadiliwe wazi.

Ikajadiliwa. Wiki mbili magazeti yalitupiga, kamati na mimi. Alichokisema Katibu kilitokea, waliongelea usingizi wetu. Lakini hawakuweza kuongelea usingizi bila kuongelea barua, wala barua bila kidole. Sharti likaondolewa kwa dereva yeyote mgonjwa.

Mkataba wangu haukuongezwa.

Siku nilipokabidhi kitambulisho nilikwenda kwa wifi na nakala ya kumbukumbu. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Akaziweka kando, akasoma kurasa zote. Nilimuona akirudi nyuma mara mbili kuhakikisha.

"Ulijua kwamba ni mimi?" nikamuuliza.

"Tangu tulipoletewa simu yake nikaiona ile picha."

"Sasa mbona kikaoni uliuliza ni nani?"

"Nilitaka kusikia kama utasema."

"Na mistari ya mwisho? Mbona hukuisoma?"

Akanyoosha kola ya shati la mtoto, muda mrefu kuliko kola inavyohitaji.

"Niliikata kwa mkasi pale pale fotokopi. Yeye alikufa akikuficha, wifi. Mimi ni nani nikuanike?"

Nikapiga magoti. Nikalia kama ambavyo sikuwahi kulia msibani. Hakuninyanyua, lakini pia hakuondoka.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, wengi wenu mna kazi kama ile yangu. Kuna barua, fomu, ujumbe wa mtu usiyemjua, na umechoka, na zinafanana. Zinafanana kwa sababu wanaumia mahali pamoja. Naomba usome na inayofuata. Usimfanye mtu kuwa changamoto, wala usimpime udogo hujamsikia.

Mimi bado naamini kazi ile inaweza kufanywa vizuri. Nimeomba tena, sehemu nyingine. Kwenye barua ya maombi nimeeleza yote haya.

Nilipojifuta machozi siku ile, nilimuuliza wifi kama amenisamehe.

Akachukua shati jingine la mtoto, akalikunja.

"Kwa kuandika ule mstari, nimekusamehe," akasema. "Kwa kutosoma, bado. Njoo Jumapili. Watoto wanamuulizia shangazi yao."