Kivuli Kwenye Picha ya Mia Moja

Mwanamume mmoja alipita ndani ya Kipenyamwili akiwa ameinama, analia kwamba mbavu zake zimevunjika. Kabla hajamaliza kulia, mashine ilishasema, kwa sauti laini kama ya mtangazaji wa redio, kwamba mbavu zote ishirini na nne ziko nzima. Mkewe aliyekuwa amemshika mkono akamwachia. Siku hiyo walitakiwa kwenda kulima kwa baba mkwe, na bwana yule alikwenda kulima.

Ndivyo mambo yalivyokuwa katika mji wa Igalula Mpya. Kipenyamwili kilikuwa kama mlango usio na nyumba. Mtu alipita na nguo zake na kikapu chake, mwanga usiodhuru ukampenya, na picha ya ndani ikatoka ikiwa imeshasomwa. Mionzi ya zamani, ile iliyounguza watu polepole, ilikuwa imesahauliwa. Waongo wa mji walipata shida sana.

Hata hivyo sheria ilikataa mashine iachwe peke yake. Chuo cha Mionzi kiliendelea kufundisha vijana, na mwaka wa mwisho kila mwanafunzi aliletwa hospitalini, akawekwa chini ya msimamizi. Alitakiwa kusoma picha mia moja kwa macho yake mwenyewe na kuandika alichokiona kabla mashine haijatamka. Wakipishana, daktari aliamua. Daktari akisema mashine ndiyo sahihi, mwanafunzi alirudia mwaka. Mwanafunzi aliyekuwa amerudia tayari alifukuzwa.

Milembe alikuwa amerudia tayari. Alikuwa na picha tisini na tisa, zote safi, na alikuwa amebakiza moja.

Msimamizi wake alikuwa Bi Nyamizi, mama wa miaka sitini na saba, mwenye meno machache na maneno mengi. Alikuwa ameanza kazi enzi za mionzi ya zamani, na alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba yeye ameona maini mengi kuliko fisi. Alasiri ya siku ya mwisho mvua ilinyesha, wagonjwa wakakauka. Bi Nyamizi akavua kanga ya mabegani, akamwambia Milembe aache kuutazama mlango kama anangoja posa, kisha akapita mwenyewe ndani ya Kipenyamwili.

Picha ikatokea. Milembe akaitazama, akaacha kutabasamu.

Juu ya pafu la kulia palikuwa na kivuli kidogo chenye miiba pembeni, kama mbegu ya mbigili. Kovu la zamani huwa limetulia. Hiki kilikuwa kimeshikilia nyama iliyo jirani yake. Akaandika: uvimbe, wa hatari, apimwe haraka.

Ndipo mashine ikatamka. Kovu la kifua kikuu cha utotoni. Hakuna ugonjwa.

Mpaka jioni Milembe alikuwa na ruhusa ya kufuta picha moja isihesabiwe, asome nyingine. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufutia. Nyuma yake Bi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye benchi, anamenya karanga.

"Umeandika nini?" akauliza.

Milembe akamkumbusha kwamba mwanafunzi haruhusiwi kumwambia mgonjwa.

"Mimi msimamizi wako. Mgonjwa ametoka kidogo, sema kabla hajarudi."

Milembe akasema. Bi Nyamizi akatafuna karanga aliyokuwa nayo mdomoni, akaimeza.

"Usifute, mwanangu. Mimi nilikiona tangu masika. Nilikuwa nasubiri kujua kama macho yangu yamezeeka."

Masika yalikuwa yamepita miezi minane. Milembe akauliza kwa nini hakusema.

Bi Nyamizi akamweleza. Zamani kila mfanyakazi wa mionzi alivaa beji kifuani, na beji ile ilihesabu mionzi iliyompiga. Ikizidi, mtu alipumzishwa miezi mitatu. Wilaya nzima ilikuwa na wapiga picha za mionzi wawili tu. Watoto waliovunjika hawakukubali kutulia, na mama zao mara nyingi walikuwa wajawazito, hawakuruhusiwa kuingia. Basi aliingia yeye, akawashika kwa mikono yake, mtoto baada ya mtoto, kwa miaka kumi na tisa. Beji aliiacha ndani ya droo.

"Mashine inanisoma kwa hesabu ya beji yangu," akasema. "Inajua mimi ni mtu ambaye mionzi haijamgusa. Niliiongopea kabla haijazaliwa. Sasa ningeanzia wapi kusema? Ningeitwa mwongo, na kila picha niliyowahi kusaini ingetiliwa shaka. Nikaona aibu, mwanangu. Aibu tu, hakuna kingine."

Milembe akatoa kidole kwenye kitufe. Akaongeza chini ya maandishi yake habari yote ya beji, Bi Nyamizi akimtajia miaka, na machozi yakamdondoka kwenye kioo cha kuandikia hata ikabidi aandike mstari mmoja mara mbili.

Daktari aliamua kesho yake. Mwanafunzi alikuwa sahihi. Uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini na kwenye mifupa, na wakati wa masika, daktari alisema huku akitazama sakafu, ungeweza kukatwa.

Milembe alifaulu. Hakuna aliyempongeza, naye asingetaka.

Kipenyamwili kilifundishwa upya kutokana na picha ile, kisiamini tena beji za enzi zile. Wazee wa mionzi waliobaki nchini waliitwa wote kupimwa. Tisa walikutwa na vivuli, vidogo bado, vya kutibika; nao pia waliwahi kuacha beji ndani ya droo. Bi Nyamizi aliposikia hesabu hiyo alikuwa hawezi tena kukaa. Akasema kwamba tisa si haba, na akaomba ageuzwe upande wa pili.

Alizikwa mwezi uliofuata. Wale tisa walikuja, wengine na fimbo, wengine wameshikwa mikono na wajukuu. Mmoja akamuuliza Milembe ni nani aliyekiona kivuli kwanza, naye akajibu kwamba ni marehemu mwenyewe, miezi minane kabla ya mtu mwingine yeyote.

Vijana waliosimama karibu waliulizana kwa mnong'ono kwa nini basi hakusema. Wale tisa hawakuuliza.