Damu Aliyoificha Inta

Buakham na mumewe Inta walitengeneza vitafunio vya wali mjini Lampang. Alfajiri walipika wali unaonata, wakauumba vipande bapa vya duara, wakavianika juani. Mchana walivikaanga na kuviuza.

Siku moja alikuja jirani yao Saengla, mhudumu wa afya wa mtaa. Alileta kichupa kidogo.

"Kaka Inta, umeshafika miaka hamsini na mitano. Chukua choo kidogo kwa kijiti hiki, utie humu. Watapima kama kuna damu isiyoonekana kwa macho."

Mun, mdogo wake Inta, akaangua kicheko. "Dada, kazi zote zimeisha, sasa unakusanya mavi?"

Inta naye akacheka. Kichupa hakikurudi.

Hakumwambia mtu kwamba damu alikuwa ameshaiona chooni. "Ni bawasiri tu," alijisemea. Mwaka ukapita. Akakonda. Akashindwa hata kuinua sufuria. Hospitalini daktari alisema ni saratani ya utumbo mpana, na imeshafika kwenye ini.

"Niliona aibu kusema," Inta alimnong'oneza mkewe.

"Aibu kwangu? Miaka thelathini tunalala pamoja!"

Inta aligeukia ukutani. Alifariki kabla ya mvua kuanza.

Watawa wa Kibudha walipomaliza sala za mazishi, Buakham alimwita Saengla mbele ya Mun. "Mwambie huyu."

"Wewe ni ndugu yake wa damu," Saengla alisema. "Hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine. Kichupa hakikutoshi. Nenda hospitali wakuchunguze utumbo kwa kamera."

"Mbona siumwi popote?"

"Ndiyo maana uende sasa. Ugonjwa huu huanza kimya. Ukigunduliwa mapema, mara nyingi hupona."

"Kamera ipite huko nyuma? Watu watanicheka!"

"Wacha wacheke," Buakham alisema. "Nimeshazika mmoja."

Mun alikwenda. Daktari alikuta vinyama viwili vilivyoota ndani ya utumbo, akaviondoa siku hiyo hiyo. "Vingeachwa, vingeweza kugeuka saratani," alisema. "Utarudi tukuangalie tena."

Mun alitoka, akaketi kwenye ngazi za hospitali, akalia. "Shemeji, mimi ndiye niliyemchekesha kaka siku ile. Angepima..."

Buakham aliketi kando yake, naye akalia. Kisha akafuta macho.

"Inuka," alisema. "Watoto wetu hawajui kuwa jambo hili liko kwenye ukoo. Twende tukawaambie."