Wa Kurudi Magharibi

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Mvua ya masika ilikuwa imepumzika tangu alfajiri. Najat alikaa barazani na tumbo lake la mwezi wa tisa, akichambua mchele, na ndani mumewe Mbwana alikuwa akibishana na fundi umeme kuhusu tundu la ukutani. Nyumba yao ilikuwa Mbezi Beach, kwenye kiwanja ambacho ukoo wa Mbwana ulikuwa nacho tangu huko kote kulipokuwa mashamba ya minazi, kabla wenye fedha hawajaanza kushindana kwa maghorofa. Nyuma ya nyumba, kando ya ua wa michongoma, kulikuwa na makaburi ya familia. Najat alikuwa ameyazoea. Mawili tu ndiyo hakupenda kuyatazama, moja refu na moja fupi.

Majirani walicheka hadi wakachoka. Nani anafunga hita ya kupasha chumba joto Dar es Salaam, mji ambao watu wanalala madirisha wazi na bado wanajipepea kwa gazeti? Mbwana aliwaacha wacheke. Alikuwa baharia kwa miaka kadhaa, na katika bandari moja ya Ulaya, wakati wa theluji, aliingia nyumba iliyokuwa na joto kila chumba bila moshi wala mwali. Siku hizo kila kitu kilikuwa kikiingia nchini, kuanzia friji za mtumba hadi viatu visivyo na wenzake, basi naye akaingiza hita iliyotumika pamoja na kidude chake cha kuiongoza, kavizungushia makoti sandukuni kama mtu aliyebeba dhahabu.

Alikuwa na sababu yake. Kwa watu wa pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini na mtoto wake. Hukandwa kwa maji ya moto, na chumba huwekwa joto kwa jiko la makaa. Moto huo hauachwi peke yake. Huwapo mama mtu mzima wa kuukalia, auchochee ukififia na kuupunguza ukizidi, na arobaini ikitimia yeye ndiye humbeba mtoto na kumtoa nje. Mzazi naye humpa doti ya kanga, ndiyo asante yake na ndiyo ruhusa yake ya kwenda.

Kwa mtoto wao wa kwanza, Farida, aliyeukalia moto alikuwa Bi Mwanakombo, mama mzazi wa Mbwana. Asubuhi alitoka kwenda kuuza vitumbua sokoni, magharibi akarudi, akavuta kigoda chake kati ya kitanda na jiko. Kila jioni alichora mstari mmoja wa mkaa ukutani ili asipotelewe na hesabu. Jioni moja ya mvua kubwa alifunga dirisha mtoto asipigwe na baridi, kisha hewa ya makaa ikajaa chumbani na usingizi ukamchukua. Najat alizinduka akiwa hospitali. Farida na bibi yake hawakuzinduka.

Mbwana aliupaka ukuta ule chokaa, mistari yote ikafunikwa, akaapa kwamba makaa hayataingia tena chumbani kwake.

"Hiki kinataka kujazwa nyakati zake zote," alisema Gozbert, yule fundi, akikifuta kidude vumbi kwa shati. Kilikuwa na kioo kidogo na picha nne chini yake: mtu anaamka, mtu anatoka nyumbani, mtu anarudi nyumbani, na kitanda. "Kila picha unaipa saa yake na joto lake. Kinawasha na kuzima chenyewe. Kina betri ndani, hata mgao ukikata umeme saa yake haipotei."

"Hapa kwangu hakuna wa kutoka wala wa kurudi," Mbwana alisema. "Mzazi yumo ndani muda wote. Ruka hizo mbili."

"Hakiruki, braza. Ukiacha moja wazi kinagoma."

"Basi jaza tu. Kutoka asubuhi, kurudi magharibi."

"Na huyu anayerudi nimpe joto kiasi gani?"

"Mpe la kutosha. Si hayupo?"

Najat alikuwa mlangoni na sinia la juisi ya ukwaju. Mwili ulimsisimka. Angesema neno, lakini mja mzito akisema amesisimka huambiwa ni mimba, kwa hiyo alitua sinia akarudi kwenye mchele wake.

Mtoto alizaliwa wa kiume, wakamwita Talha. Alikuwa mzima, mlafi wa maziwa, na Najat alipomtazama alihisi furaha na hofu vikigombania nafasi moja kifuani. Alikwisha zika mmoja. Huyu hakuwa tayari kumpoteza kwa lolote.

Shangazi yake Mbwana, Bi Hamisa, alikuja kutoka Temeke na kikapu cha nguo, tayari kukaa.

"Shangazi, asante, ila safari hii hatukuchoshi," Mbwana alimwambia. "Mashine inakesha yenyewe."

"Moto bila mtu?" Bi Hamisa aliuliza.

"Si moto, shangazi. Ni umeme."

Bi Hamisa alikitazama kidude, akaitazama hita, kisha akamtazama Najat kwa muda. Alimkanda siku mbili tatu, akajifunga ushungi wake akaondoka amenuna.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Magharibi kidude kililia tik, hita ikashika, chumba kikapata joto laini lisilokuna koo. Wanawake waliokuja kumpongeza waliinyooshea mikono wakicheka, na hata wale waliocheka barazani waliondoka wakiuliza bei. Mbwana alikuwa na duka la spea Kariakoo na hakurudi kabla ya isha, kwa hiyo saa ile ya tik Najat alikuwa peke yake na mwanawe. Hakuijali.

Kisha akakikuta kigoda.

Kilikuwa kati ya kitanda na hita. Kile kile cha Bi Mwanakombo, chenye ufa mguuni, ambacho kwa miaka yote kilikaa stoo chini ya magunia. Alimuuliza Mbwana, Mbwana akasema labda shangazi alikitoa siku alipokuja. Jibu lilikuwa zuri. Najat akakirudisha stoo, akafunga mlango kwa komeo. Kesho yake, baada ya tik, alitoka kuchukua maji ya kumkogeshea mtoto. Aliporudi kigoda kilikuwa mahali pake, na kwenye paji la Talha kulikuwa na doa la masizi, kama lile ambalo wazee huwapaka watoto wachanga kuwakinga na jicho.

Nyumba ile haikuwa na masizi. Walipikia umeme na mafuta ya taa, na mkaa Mbwana hakuruhusu hata uingie uani.

Joto nalo likaanza kupanda. Kila jioni nambari kwenye kioo ilikuwa kubwa kuliko ya jana, na hakuna aliyeigusa. Talha alikuwa akilala mwekundu, kijasho kikimtiririka shingoni, analia kwa sauti kavu. Najat alipozima, hita ilizimika. Alipogeuka, ilikuwa imewaka.

Gozbert aliitwa. Alikifungua kidude, na jivu likamwagika kiganjani mwake. Jivu jeupe, laini, la makaa yaliyokwisha. Alilitazama, akapiga chafya, akaanza kufunga vifaa vyake kabla hajamaliza kazi.

"Nani mwingine anakaaga humu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna."

"Kuna mtu kakaa hapo, mama." Alikuwa anakitazama kigoda. Kilikuwa kikilia taratibu, kri, kri, kama kinavyolia kigoda cha ufa mtu anapohamisha uzito kutoka pajani hadi pajani. Gozbert hakuchukua fedha zake. Hakuonekana tena mtaa ule.

Siku iliyofuata mgao ulikata umeme mchana. Najat alishusha pumzi. Leo angalau, alijiambia, leo hakuna kitu. Magharibi ikaingia. Nyumba nzima ilikuwa giza, nje mvua ilikuwa imeanza tena.

Tik.

Kioo kilikuwa kikimulika kwa betri yake, rangi ya maji ya mchicha, na picha iliyowaka ilikuwa ya mtu anayerudi nyumbani. Najat aliinyooshea hita mkono. Haikuwa na umeme. Ilikuwa ya moto. Chumba kikaanza kunuka makaa.

Akawasha kibatari, akakiinua, na mwanga ukaangukia ukuta wa nyuma ya kitanda. Chokaa ilikuwa imebanduka. Mistari ya Bi Mwanakombo ilikuwa pale yote, imefifia, imepangana kama alivyoiacha. Lakini haikuishia pale alipoiacha. Iliendelea. Iliyoendelea ilikuwa myeusi na mibichi, ukigusa inashika kidole. Najat aliihesabu, ya zamani na mipya pamoja.

Ulibaki mmoja itimie arobaini.

Hapo akaelewa, na kuelewa kulimtisha kuliko kutoelewa. Mama mkwe hakuwa ameanza arobaini ya Talha. Alikuwa anamalizia ile ya Farida. Hakujua kwamba mtoto ni mwingine. Kesho hesabu yake itatimia, na hesabu ikitimia aliyeukalia moto humbeba mtoto akamtoa nje. Najat alitazama dirishani. Nje kulikuwa na ua wa michongoma na lile kaburi fupi.

Asubuhi alimwonyesha Mbwana ukuta. Mbwana alisimama mbele ya mwandiko wa mama yake, akapitisha kidole juu ya mistari mibichi.

"Nafunga duka mapema," alisema mwishowe. "Alasiri nakuja na teksi. Tunakwenda kwa shangazi Temeke."

"Njoo kweli, baba Talha."

Alasiri ilipita. Mvua ilikuwa ya mafuriko, barabara ilikatika darajani, na Mbwana alikuwa amekwama upande wa pili akipiga magoti kwa madereva. Najat hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba haji. Alimfunga Talha kifuani, akafika hadi mlango wa mbele, akavuta. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua. Akavuta tena.

Nyuma yake, chumbani, kidude kikalia tik.

Joto lilimfuata ukumbini na kumshika mgongoni. Talha akanyamaza ghafla. Najat alimtazama mwanawe, akaona macho yake madogo yamekazwa juu ya bega la mama yake, yakimfuata mtu anayekuja.

"Mlete nimtoe," sauti ilisema. Ilikuwa ya chini, ya uchovu, haina ubaya wowote. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima aliyekaa sana motoni.

Najat hakugeuka. Kwenye sanduku lililokuwa pale ukumbini kulikuwa na doti ya kanga aliyoinunua zamani, ya kumpa Bi Mwanakombo siku ya arobaini ambayo haikufika. Hakuwahi kuivaa wala kuigawa. Alilifungua sanduku kwa mkono mmoja, akaitoa doti na mikunjo yake, akainyoosha nyuma yake bila kutazama.

"Shikamoo, mama," alinong'ona. "Huyu siye. Huyu anaitwa Talha. Wako ni Farida, na Farida yuko nje, mvua inamnyeshea. Hana mtu wa kumwotesha moto."

Mvua tu.

"Yuko kwenye baridi?" sauti iliuliza.

"Yuko kwenye baridi, mama. Nenda kwake."

Kitu kikaivuta kanga mkononi mwake, polepole, kwa adabu. Kigoda kikalia mara moja chumbani. Joto likaondoka nyumbani lote kwa pamoja, na Talha akaanza kulia kilio chake cha kawaida cha njaa. Najat alikaa chini mlangoni akalia naye.

Mbwana alifika amelowa hadi mifupani, akausukuma mlango kwa bega. Alikibandua kidude ukutani, akatoa betri, akakata waya za hita, akavitupa vyote kwenye shimo la taka. Kwenye sakafu ya ukumbi aliokota upande mmoja wa kanga, umekunjwa vizuri, unanuka moshi. Upande wa pili, ule ambao mwanamke hubebea mtoto, hawakuuona.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Najat alimwacha Talha kwa baba yake, akapita michongomani hadi makaburini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mazishi. Kila mahali palikuwa na tope. Kaburi refu lilikuwa limelowa, maji yametuama juu yake. Kaburi fupi lilikuwa kavu. Pembeni mwake ncha ya kanga ilikuwa imechomoza kutoka udongoni, na udongo haukuwa umechimbuliwa. Aliivuta kidogo, nayo ikavutwa kutoka chini, kama mtoto anavyovuta shuka lake usingizini.

Aliweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa na joto.

Angefurahi. Karibu afurahi. Kisha akaona kibao cha kichwani mwa kaburi, na mstari mmoja wa mkaa uliochorwa juu yake, mbichi, wa kwanza wa hesabu mpya. Aliusugua kwa kidole gumba hadi ukafutika kabisa, akarudi ndani, hakumwambia mumewe.

Kesho yake alikwenda tena kutazama. Mistari ilikuwa miwili.