Imepona Tangu Jumatano

— Wewe ndiye fundi wa kompyuta zilizokatiwa tamaa?

Niliinua kichwa. Mlangoni alisimama dada nisiyemjua, gitaa mgongoni, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.

— Inategemea nani kazikatia tamaa.

— Dunia nzima, isipokuwa mimi.

Akaiweka mezani, akanisikilizisha wimbo aliourekodi mwenyewe. Sauti ilikuwa nzuri mpaka mwili ukanisisimka, ila kila baada ya maneno mawili ilikatika: kwaru, kwaru, kama mtu anayekanyaga majani makavu.

— Shangazi aliyenilea ananiita Chiriku kwa sababu sinyamazi, akasema. Sasa nasikika kama chiriku aliyekabwa koo.

Nikacheka, nikashtushwa na kicheko changu mwenyewe. Tangu nimalize chuo na kupanga kile chumba cha ufundi, simu yangu ililia mara moja kwa wiki, na mpigaji alikuwa mama.

— Mashine yako ni ya zamani, nikamweleza. Nguvu zake zote zinaishia kwenye mapambo, hazibaki za kushikia sauti. Nitakuwekea mfumo mwingine, Linux, halafu tuichagulie sura nyepesi, yaani namna madirisha na menyu zinavyokaa. Kuna Xfce, kuna LXQt, kuna Openbox...

— Hayo ni majina ya watu au ya dawa za minyoo?

— Ya dawa. Tutajaribu mpaka moja imkubali mgonjwa.

Akacheka, kisha uso ukabadilika.

— Kuna bendi ya nje inatafuta mwimbaji. Mkataba wa miaka miwili. Wimbo uwafikie Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Niahidi, Fundi.

— Nakuahidi.

Sikujua naahidi nini.

Jumatatu nikaweka Xfce, na hapo nikafanya kosa la mtu aliyekwisha kupenda: nikairemba. Vivuli, madirisha yanayofunguka kwa madaha, picha ya ndege wa manjano nyuma. Alipoiona alitabasamu. Aliporekodi, kwaru, kwaru.

— Fundi, mimi nataka kuimba. Nani kakuambia nataka kuvishwa?

Jumanne alikuja bila kuitwa, kaleta chai kwenye chupa. Akaondoka jioni, na chumba kikawa kikubwa kuliko kilivyokuwa.

Jumatano asubuhi nilifuta mapambo yote, nikaweka Openbox tupu: kioo cha kijivu, hakina hata picha, mpaka ubonyeze upande wa kulia wa kipanya ndipo menyu ijitokeze. Nikarekodi ukimya wa chumba changu dakika ishirini, nikausikiliza wote. Haukukatika hata mara moja. Sijawahi kuusikia upweke wangu ukiwa safi namna ile.

Mchana akaja.

— Imekubali?

— Bado.

Neno lenyewe lilinitoka kama pumzi. Alhamisi likanitoka tena. Jioni yake ujumbe ukaingia:

"Fundi, ikishindikana usijilaumu. Shangazi atafurahi nikibaki. Na mimi kuna mtu nimemzoea huku. Meza yake chafu sana."

Niliusoma mpaka simu ikaishiwa chaji. Sikutakiwa kufanya lolote. Kukaa tu.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni kwao, kompyuta mkononi.

— Imepona, nikasema.

— Imepona! Lini?

— Tangu Jumatano.

Tabasamu likamwisha.

— Jana uliniambia bado.

— Nilikudanganya. Nilitaka ubaki.

— Na ujumbe wangu hukuupata?

— Niliupata.

— Sasa umefuata nini hapa, wewe mtu? Ungekaa kimya tu, mimi ningebaki!

— Ningekuwa naona haya kila ukiniita Fundi. Na nilikuahidi Ijumaa.

Akaipokea kompyuta. Machozi yakamlenga, na hasira pia.

— Miaka miwili, unajua?

— Najua.

— Ungeniambia Jumatano, tungekuwa na siku mbili zetu.

Akageuka akaingia chumbani kwake, nikamfuata.

Aliketi ukingoni mwa kitanda, akakaza nyuzi za gitaa taratibu, akazikaza tena. Alikosea mwanzo mara tatu, akaapa, akafuta macho kwa mkono wa blauzi. Saa ya ukutani ilisema tano na nusu.

— Nikibonyeza mwenyewe nitakosea tena. Bonyeza wewe.

Nikabonyeza kitufe chekundu, nikabana pumzi. Aliimba akinitazama, na sikutikisika, kiti kisije kikalia.

Alimaliza saa sita kasoro robo. Sauti ilikuwa imeingia nzima. Akaandika anwani ya ile bendi, mkono ukasimama hewani, akanisogezea kompyuta.

Nikautuma.